Petali ya yungiyungi, ua la ngano au deizi: uchague ua gani la fayansi kwa kidani cha Kimisri?

Mpwa wangu aliponiomba nimtungie kidani cha harusi yake, alinionyesha picha moja tu kwenye simu: kidani kipana cha Misri ya kale, safu juu ya safu, manjano, kijani, buluu na nyeupe, kimelala kuanzia shingoni hadi mabegani. "Shangazi, nataka maua kama haya." Nikamuuliza, "Yapi, mwanangu?" Akaniangalia kama hakunielewa. Kwake yalikuwa maua tu. Nikaikuza picha, tukaanza kuyatenga kwa kidole: hii ni petali ya yungiyungi, hili ni ua la ngano, hili la duara ni deizi, na hili la manjano wala si ua, ni tunda. Kila moja lina umbo lake, matundu yake na safu yake. Ukiyachanganya bila kujua, kidani kinajikunja, hakilali kifuani, na uzuri wote unapotea.

Ilituchukua karibu wiki mbili kuamua. Nayaandika hapa tuliyoyapima, kwa yeyote anayetunga shanga mwenyewe au anayetaka kuagiza kidani cha mtindo huo na hajui aseme nini kwa fundi.

Fayansi si udongo

Neno hili huwapotosha watu, maana Ulaya hutumika pia kwa vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi. Fayansi ya Misri haina uhusiano na mfinyanzi. Kiini chake ni mchanga au mawe ya kwatzi yaliyosagwa, pamoja na chokaa kidogo, na chumvi ya kuyeyushia, ambayo ilikuwa majivu ya mimea au natroni, ndugu wa magadi yetu tunayotia kwenye maharage ili yaive upesi. Natroni Wamisri waliipata Wadi Natrun, magharibi ya delta ya Nili. Ukiongeza shaba kidogo na kuchoma kwa joto la kati ya nyuzi 800 na 1000 za Selsiasi, ule unga unashikamana na juu yake inaota ngozi ya kioo, ya buluu au kijani. Wenyewe waliiita tjehnet, yaani kinachong'aa. Iliwapa rangi ya feruzi, jiwe lililochimbwa Sinai, na rangi ya lapislazuli, jiwe lililosafirishwa kutoka Afghanistan, kwa kutumia mchanga waliokuwa nao miguuni.

Kwa muda mrefu shanga za vidani hivi zilikuwa vijiti vitupu. Kidani cha Wah, msimamizi wa mali za tajiri Meketre aliyezikwa Thebes karibu mwaka 1975 KK, kiko leo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York: shanga nyembamba kama vipande vya mrija, zimesimama wima safu baada ya safu, rangi moja ya buluu inayoelekea kijani. Ni kazi safi sana, lakini haina ua hata moja la kuchagua. Maua yalitapakaa kwenye vidani karne sita baadaye, katika Nasaba ya 18 ya mafarao, hasa zama za mfalme Amenhotep III katika jumba lake la Malkata na za mwanawe Akhenaten katika mji wake mpya wa Amarna. Mchimbaji wa mambo ya kale Flinders Petrie alipochimba Amarna mwaka 1891 na 1892 alikuta kalibu za udongo uliochomwa kwa maelfu, ndogo, za kutosha kwenye kiganja, kila moja na umbo lililochongwa ndani: petali, tende, kishada cha zabibu, pete. Wakati huohuo rangi ziliongezeka. Kobalti ilileta buluu ya giza, manganizi ikaleta zambarau na nyeusi, risasi pamoja na antimoni ikaleta manjano, na chuma kikaleta wekundu. Bila rangi hizo maua yote yangebaki ya buluu, na kusingekuwa na haja ya kuandika makala hii.

Kwanza yalikuwa maua ya kweli

Jambo lililomgusa mpwa wangu kuliko yote ni hili: vidani vya fayansi ni nakala ya vidani vya maua mabichi. Kwenye picha za kaburi la Nebamun, zilizoko British Museum, wageni wa karamu wamevaa maua shingoni na yungiyungi limeinama juu ya paji la uso. Na baadhi ya vidani vya maua yenyewe vimebaki. Mwaka 1909 Theodore Davis aliipa Metropolitan vitu kutoka shimo moja la Bonde la Wafalme, na baadaye Herbert Winlock, mtaalamu wa jumba hilo, akatambua kwamba ni mabaki ya shughuli za kuuhifadhi mwili wa mfalme Tutankhamun na karamu ya mazishi yake. Ndani yake mlikuwa na vidani vya duara: majani ya mzeituni na ya persea (mti wa matunda), petali za yungiyungi la buluu, maua ya ngano na matunda madogo, vyote vimeshonwa juu ya karatasi ya mafunjo, na katikati ya majani vimepangwa vishanga vya fayansi.

Aliyewahi kuvaa koja la asumini anajua habari hii. Usiku wa harusi linanukia nyumba nzima, asubuhi limekuwa kahawia. Fundi wa Amarna alichukua koja la namna hiyo na kulifanya lisinyauke. Ndiyo maana nasema ukichagua ua la fayansi usilitazame kama pambo tu. Uliza ua halisi lilikaaje kwenye koja, limeelekea juu au chini, lilishonwa wapi.

Petali ya yungiyungi

Hii ndiyo watu wengi huianza, na sababu ziko wazi. Ni rahisi kutengeneza, nyembamba, ndefu, mgongo bapa, mbele imebinuka kidogo. Yungiyungi la buluu lina petali zilizochongoka kama ncha ya mkuki. Yungiyungi jeupe lina petali za mviringo zaidi. Mafundi wa Kimisri waliijua tofauti hiyo, na wewe ukiagiza, taja unataka lipi. La buluu hufunguka asubuhi na kujifunga jua likipanda, kisha kesho hufunguka tena. Kwa hiyo kwa Wamisri lilikuwa ua la jua na la kuzaliwa upya, na katika kile kinachoitwa Kitabu cha Wafu mna maneno ya kumsaidia marehemu ageuke yungiyungi. Anayekaa kando ya maziwa yetu, Naivasha au Viktoria, amewahi kuliona ua hilihili likielea.

Petali za Amarna zilizonivutia zaidi ni nyeupe zenye ncha ya zambarau. Rangi mbili katika kitu kisichofika urefu wa kidole.

Kasoro yake ni ya kihesabu. Kidani ni duara, na kila ukitoka nje sentimita 1 mzingo unaongezeka zaidi ya sentimita 6. Safu ya nje inahitaji kujaza nafasi kubwa kuliko ya ndani. Petali iliyoning'inizwa huwa pana juu na nyembamba chini, yaani kinyume cha inavyotakiwa, kwa hiyo kati ya ncha na ncha kunabaki mwanya wa pembetatu. Ukiiweka safu ya mwisho kabisa, mianya hiyo inapendeza, inafanya ukingo uwe kama miale. Ukiiweka katikati, inakulazimu uzibe kwa vishanga vidogo, na kazi inakuwa mara mbili. Petali ni ya ukingoni. Hapo hakuna ua linaloishinda.

Ua la ngano

Kiswahili hakina jina lililozoeleka la ua hili, kwa hiyo mimi naliita ua la ngano, kwa kuwa huota kwenye mashamba ya ngano. Wataalamu wa mimea huliita Centaurea depressa. Ni dogo, la buluu kali, na chini yake lina kikonyo kilichovimba chenye magamba. Katika fayansi magamba hayo huchorwa kwa mistari inayokatana kama wavu, na juu yake petali zinafunguka kama feni. Likining'inia, kikonyo kiko juu karibu na shingo na feni imeelekea chini.

Sasa rudi kwenye hesabu ya mzingo. Ua hili ni jembamba juu na pana chini, sawasawa na linavyotaka duara. Ukipanga safu ya maua ya ngano yanabanana bila mwanya, na kidani kinalala chenyewe. Sijapata umbo jingine linalofanya hivyo bila msaada wa vishanga vya kuzibia. Na ukilitazama kwa mbali bado linasomeka kuwa ua, jambo ambalo petali moja moja haiwezi. Petali ya pekee ukiitoa safuni unaweza kudhani ni jani au jino.

Lina historia inayonifanya nilipende zaidi. Halikuwa ua la asili la Misri. Lililetwa kutoka Asia ya Magharibi na kupandwa katika bustani, na katika muda mfupi likaingia kwenye koja za wafalme. Howard Carter alipofungua majeneza ya Tutankhamun mwaka 1925, juu ya jeneza la ndani kabisa alikuta kidani cha majani, maua na matunda kimeshonwa kwa vishanga vya buluu, na maua ya ngano yakiwemo. Kwa kuwa ua hilo huchanua majira ya kuchipua, wataalamu waliweza kukadiria kwamba mfalme alizikwa kati ya Machi na Aprili. Ua lililovaliwa siku moja likatunza mwezi wa mazishi kwa zaidi ya miaka 3200.

Ubaya wake? Linataka mkono wa fundi. Ule wavu wa kikonyo ukichongwa kwa kina kidogo, ngozi ya kioo inaufunika na kubaki donge la buluu lisilo na sura. Kalibu lazima iwe na mistari mirefu kwenda ndani kuliko unavyodhani. Feni nayo ikiwa nyembamba mno hukatika pembe. Kwa anayeanza, hili ni ua la jaribio la tatu au la nne.

Deizi

Deizi ni duara: kitovu katikati, petali pande zote, mara nyingi nyeupe yenye moyo wa manjano. Wamisri waliipenda, na si kwenye vidani peke yake. Mfalme Ramesses III alilipamba nayo kasri lake la Tell el-Yahudiya kwa visahani vya fayansi vilivyopachikwa ukutani, na vingi vimetawanyika leo katika majumba ya makumbusho. Tahadhari hapa: visahani vya ukutani si shanga. Havina tundu la kupitisha uzi. Nimeona watu wanaiga kisahani cha ukutani, kisha wanatoboa baada ya kuchoma, na kinapasuka.

Sifa kubwa ya deizi ni kwamba haina juu wala chini. Ikizunguka kwenye uzi inabaki ileile. Inafaa hereni, bangili, pete, na mkufu mwembamba wa maua machache yenye nafasi. Kwa kidani kipana siipendekezi kama safu nzima, kwa sababu duara na duara vikikutana vinaacha nafasi juu na chini, na macho yanaishia kuona nafasi hizo. Pia ya rangi mbili inahitaji madonge mawili ya fayansi yenye kusinyaa sawa; kitovu kikisinyaa zaidi ya petali, kinang'oka tanurini.

Kuhusu matunda nitasema machache. Tunda la manjano lenye kofia ya kijani, linaloonekana karibu kwenye kila kidani cha Amarna, wengi huliita tunguja, lile la Raheli na Lea katika kitabu cha Mwanzo, ingawa wapo wataalamu wanaosema ni tunda la persea. Nyimbo za mapenzi za Wamisri zinalitaja tunguja, kwa hiyo kwa harusi ni chaguo lenye maana. Tende nayo ni rahisi kabisa, umbo la yai refu, na hujaza safu ya ndani vizuri. Kishada cha zabibu kinapendeza kikiwa kimoja. Vikiwa arobaini vinazidi uzito.

Pete ngapi?

Kabla ya rangi, kabla ya umbo, mwulize fundi swali hili. Maua mengi ya Amarna hayakutobolewa. Yalifinyangwa kwenye kalibu ya uso mmoja, yakatolewa, kisha vipete vidogo vikabandikwa kwa rojo lilelile la fayansi kabla ya kuchomwa. Ua lenye pete juu na chini huwa na uzi unaopita pande zote mbili, kwa hiyo haligeuki na linaweza kukaa safu yoyote. Ua lenye pete ya juu tu huning'inia na kucheza. Nzuri ukingoni, mbaya katikati.

Maungio ya pete ndiyo hukatika kwanza. Ukinunua maua yaliyo tayari, shika pete kwa kucha na uisukume taratibu. Ikitikisika, irudishe. Na usitumie waya wala uzi wa nailoni mkali kwenye pete za fayansi. Unakata kama msumeno. Wamisri walitumia kitani, na kitani kilichopakwa nta bado ndicho ninachokitumia.

Namna ya kuchoma, kwa kila ua

Kuna njia tatu za kuipa fayansi ngozi yake, na si kila njia inafaa kila ua.

Ya kwanza, chumvi inachanganywa ndani ya rojo. Kitu kikikauka, chumvi inapanda juu pamoja na maji na kuacha utando mweupe, na utando huo ndio unaoyeyuka kuwa kioo. Ukiugusa kwa kidole, pale ulipogusa patabaki pakavu, pasipong'aa. Upande uliolalia ubao pia haung'ai. Kwa petali na ua la ngano si tatizo, kwa kuwa mgongo unalala juu ya nguo. Hii ndiyo njia ninayowashauri wengi.

Ya pili, kitu kinazikwa ndani ya unga wa kutengenezea ngozi ya kioo na kuchomwa humo. Unga unakipa ngozi pande zote, kisha unabomoka na kupanguswa. Hans Wulff aliwakuta mafundi wa Qom, Iran, wakiitumia kwa shanga za buluu za kuvisha punda, akaiandika mwaka 1968. Inafaa shanga ya mviringo kamili, kama tende au gololi, na rangi inakuwa moja tu. Kwa ua lenye rangi mbili haifai kabisa.

Ya tatu ni kupaka rojo la rangi kwa brashi au kuchovya. Inakupa uhuru wa rangi, lakini rojo huingia kwenye mistari ya kikonyo na kuifuta. Itumie kwa deizi.

Usijaribu yoyote kwa jiko la nyumbani. Unahitaji joko la mfinyanzi linalofika nyuzi 950. Unga wa kwatzi ukivutwa unaharibu mapafu moja kwa moja, kwa hiyo vaa barakoa ya vumbi na fanya kazi rojo likiwa bichi. Na ile manjano ya kale ya risasi na antimoni usiiguse. Ziko rangi za manjano za tayari zisizo na risasi, na kwa macho hakuna atakayegundua.

Ya kale au mapya?

Wengine huniuliza kwa nini wasinunue maua ya kale yenyewe mtandaoni. Jibu langu ni kwamba usinunue. Sheria ya Misri namba 117 ya mwaka 1983 ilifanya mambo ya kale kuwa mali ya taifa na kupiga marufuku biashara yake. Ua la fayansi linalouzwa bila hati za zamani linaweza kuwa limeibwa kwenye kaburi, na likishatolewa hapo bila kuandikwa, ile habari ya safu yake na jirani zake imepotea moja kwa moja. Vidani vingi tunavyovitazama makumbusho tayari vimetungwa upya kwa sababu uzi wa awali ulioza. Tunaujua mpangilio tu pale mchimbaji alipoandika kila shanga ilipokuwa. Hilo linaniuma kila nikiona "ua halisi la Amarna" limepigwa picha juu ya kitambaa cheusi na bei pembeni.

Mapya yanaweza kuwa ya fayansi kweli, au ya udongo wa plastiki unaochomwa kwa joto dogo. Ya plastiki ni mepesi na hayavunjiki, yanafaa mtoto au mchezo wa jukwaani. Lakini hayana ule ubaridi wa fayansi unapoiweka shingoni, wala mlio wake mdogo safu zikigusana.

Uamuzi wetu

Mpwa wangu alitaka petali tupu kwa sababu ya rangi ya zambarau. Nikampangia mezani safu tatu za petali juu ya kitambaa, akaona mwenyewe jinsi mianya inavyokula macho. Nikatoa safu mbili za ndani na kuweka tende za kijani, kisha maua ya ngano ya buluu, petali zikabaki ukingoni. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hapo."

Kila ua la ngano lina pete mbili. Petali nazo zina pete mbili, na chini yake nikapitisha uzi wa vishanga vyekundu ili zisipinduke akicheza. Tunguja nikaziweka mbili tu, moja kila upande, karibu na kifungo. Deizi alitaka lazima iwepo, basi iko moja, nyuma kabisa, juu ya fundo la kitani, mahali ambapo ataiona atakayemfungulia.